Kiunga Katika Viunga vya Nairobi

Neno kiunga lina maana mbili ambazo aghalabu hatuziweki pamoja. Kwanza, ni shamba la miti ya matunda lililo karibu na mji. Pili, hasa likitumika katika wingi, ni maeneo yaliyo pambizoni mwa mji. Ndiyo maana tunasema kwamba Kangemi, Kawangware na Uthiru ni viunga vya Nairobi, ilhali msafiri apitaye huko kwa matatu huona mabati, maghorofa na vibanda zaidi ya mashamba. Mimi nilizikutanisha maana hizo mbili mwaka 2020, jiji lilipofungwa.

Itakumbukwa kwamba kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi mwaka huo. Siku chache baadaye vyuo vilifungwa, nasi wanafunzi tukatawanyika. Tarehe 27 Machi ilianza kafyu ya kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kisha, tarehe 6 Aprili, Nairobi na maeneo yanayoizunguka yalizuiwa: wa ndani asitoke, wa nje asiingie. Kwa upande wetu wa magharibi, mpaka ulikuwa Rironi. Nyumbani kwetu Uthiru tulijifungia hata mchana, maadamu mama anaugua kisukari, na maradhi yale yalikuwa hatari zaidi kwa watu wa hali yake.

Hadi wakati huo, bustani niliyoizoea ilikuwa Jeevanjee, katikati ya jiji, mwendo mfupi kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi. Alibhai Mulla Jeevanjee aliitoa kwa umma mwaka 1906, na zaidi ya karne moja baadaye ilikuwa ikitupokea baada ya mihadhara: huku mhubiri, kule wabishi wa siasa, nasi kwenye nyasi na vitabu vyetu. Sasa nilibakiwa na kipande cha ardhi nyuma ya nyumba ya kupanga, kisichozidi upana wa mikeka miwili, kimejaa mawe na vigae vya chupa.

Washairi wa Ulaya husifu majira ya kuchipua, yanayofuata baridi kali. Sisi hatuna majira hayo, tuna masika. Wala sidai kwamba masika ya mwaka 2020 yalikuwa ya kusifiwa tu, kwani mafuriko yaliua zaidi ya watu 200 nchini. Hata hivyo, mvua hiyo hiyo ndiyo iliyoulainisha udongo wetu, mama akakumbuka fundo la kitambaa alilopewa na nyanya yangu kule Vihiga, Desemba iliyotangulia. Ndani yake mlikuwa na mbegu za kunde, mnavu na mrenda, ambao kamusi huuita mlenda.

Nyanya alinifundisha kilimo kwa simu. "Mjukuu wangu," aliniambia, "mbegu ya mrenda ina usingizi mzito. Ifunge kwenye kitambaa, ichovye katika maji yaliyotoka kuchemka, uhesabu hadi tano, kisha uitoe." Niliogopa kuipika mbegu badala ya kuipanda, lakini nilitii. Siku ya sita vilijitokeza vijani viwili viwili, vyembamba mno. Nilimpigia simu kumwarifu. Alicheka, akaniuliza kama sasa nimeamini kwamba shule si ile yenye lango pekee. Tangu siku hiyo, kila jioni baada ya taarifa ya idadi ya wagonjwa na waliofariki, nilimpa nyanya taarifa yangu: majani mangapi, urefu gani, wadudu gani.

Mwezi Mei nyanya alifariki. Haikuwa korona, ulikuwa uzee. Lakini sheria ya korona ndiyo iliyomzika, kwa kuwa waombolezaji hawakuruhusiwa kuzidi 15. Mama hakuweza kusafiri kwa sababu ya ugonjwa wake, nami sikuwa miongoni mwa hao 15. Yule ambaye mazishi yake yangejaza kijiji kizima alizikwa upesi, watu wakiwa wamesimama mbalimbali, nasi tukisikiliza kupitia simu iliyokatikakatika.

Asubuhi hiyo mama hakusema neno. Alichukua jembe dogo, akaenda nyuma ya nyumba, akapalilia. Nami nilimfuata. Tulipalilia hata mahali ambapo hapakuwa na gugu. Matanga hayakuwezekana, majirani walikuja mmoja mmoja, wakasimama upande wa pili wa ua wakiwa na barakoa, wakatupa pole zao kutoka huko. Mama hakuwa na chai ya kuwakaribisha, basi alichuma mrenda na kunde, akampitishia kila mmoja fungu juu ya ua. Jioni tuliupika wetu kwa magadi, tukala kwa ugali. Ndipo mama alipolia.

Husemwa kwamba bustani humsahaulisha mtu dhiki. Yetu haikunisahaulisha chochote. Ilichonipa ni kazi ya mikono wakati ambapo hapakuwa na la kufanya, na njia ya kumwomboleza marehemu pasipo kaburi la kusimama kando yake. Mpaka wa Rironi ulimzuia kila mtu, lakini mbegu za nyanya zilikuwa zimekwisha kuuvuka.

Zuio la kutoka Nairobi liliondolewa tarehe 7 Julai, na kafyu yenyewe ikafutwa Oktoba 2021. Mrenda ulikuwa umekwisha kukomaa, nikavuna mbegu zake na kuzifunga katika kitambaa kile kile. Wanafunzi wenzangu, tunapokusanya misamiati ya mimea kwa ajili ya tasnifu zetu, tusiishie kwenye majina. Tuwaulize nyanya zetu pia jinsi ya kuiamsha mbegu ya mrenda, maadamu bado wanapokea simu.