Tokyo: Bastola hainunuliwi kwa macho, inanunuliwa kwa kidole

Ukishuka treni ya Yamanote pale Akihabara, vituo viwili tu kutoka stesheni kuu ya Tokyo, utadhani umeingia Kariakoo iliyowashwa taa zote mchana kweupe. Kompyuta, vikaragosi, muziki unaogongana. Sasa panda ngazi za zile ghorofa nyembamba. Lahaula! Ukuta mzima bastola!

Tulia, mshikaji. Hizo ni easofti, bastola za kuchezea zinazorusha vigololi vya plastiki vya milimita 6. Japani raia wa kawaida haruhusiwi kumiliki bastola ya kweli, basi vijana wanamalizia hamu yao hapa.

Mgeni wengi humwibia macho yake. Anaona inang'aa, anatoa yeni, anaondoka. Kumbe mambo yote yako kwenye triga. Omba muuzaji akupe ya sampuli uvute mwenyewe, polepole.

Anza na Hi-Capa ya Tokyo Marui. Triga yake inarudi nyuma moja kwa moja, safari fupi, kisha "ta!" Wapenda shabaha wanaiabudu. Ukishika Glock ya kampuni hiyohiyo, safari ni ndefu kidogo, halafu kidole kinagota kama kwenye ukuta kabla ya kufyatua. Beretta M9A1 ina tabia mbili: mvuto wa kwanza mrefu na mzito, unaofuata mwepesi. Zile za umeme? Kama kubonyeza swichi ya taa, hazina msisimko. Za springi ni rahisi kwa bei, ila kila risasi unakoki kwa mkono.

Uimara nao una siri yake. Za gesi hutegemea magazini. Mpira wa vali ukikauka, gesi inavuja na sherehe imekwisha. Wenyeji huacha gesi kidogo ndani hata bastola ikiwa kabatini, na hupaka mafuta ya silikoni. Wakati wa baridi gesi hulegea, na hata kiangazi ukifyatua haraka haraka magazini hupoa, nguvu ikashuka. Usijitie ujuzi ukaweka gesi kali ya nje: sehemu ya juu ni ya plastiki, itapasuka.

Sasa utani pembeni. Sheria ya Japani, iliyokazwa mwaka 2006, inataka nguvu isizidi jouli 0.98. Unaona ndogo? Kigololi cha gramu 0.2 kinaondoka kwa karibu mita 99 kwa sekunde. Jicho halina spea. Bila miwani maalumu, usiingie hata kwenye chumba cha kulengea shabaha. Na ukinunua, ibaki ndani ya begi lililofungwa. Polisi akikuona nayo barabarani hatakuuliza kwanza kama ni ya plastiki.

Na wewe unayetaka kurudi nayo Bongo uwatambie washkaji wa kijiweni, ngoja kwanza. Waulize shirika la ndege na polisi wa nyumbani kabla hujalipa, siyo ukiwa umesimama mbele ya afisa wa forodha. Gizani, jirani yako hajui tofauti ya Marui na ya kweli, na mwenye bunduki ya kweli naye hajui.

Ukiona ni usumbufu, lipia nusu saa kwenye chumba cha shabaha, vuta triga mpaka kidole kiridhike, rudi na picha. Kazi kwako!