Hisa za Mafuta Bei Chee? Subiri Kwanza

Kuna supastaa mmoja, jina kapuni, anawahimiza mashabiki wanunue hisa za mafuta za Marekani eti P/E iko chini, yaani bei ya hisa ukiigawanya kwa faida yake ya mwaka. Mi nikaenda kuchungulia hesabu za ExxonMobil. 2020, korona, hasara dola bilioni 22.4, hapo P/E hata haipo. 2022 mafuta yakapaa na vita vya Ukraine, faida bilioni 55.7. Hisa ilipanda, ila faida ilipanda zaidi, ndo maana P/E ikaonekana ya kutupa. 2023 faida ikarudi bilioni 36, hisa ikashuka, halafu P/E ikapanda! Umeona mchezo? Shoga yangu alitaka kutumbukiza ada ya chuo humo; nimemwambia alipe ada kwanza, ndo tuongee.