Badilisheni Jogoo Kwanza, Mambo ya Kugandisha Baadaye

Watu wangu wa Migori na Homa Bay, leo nitawakera kidogo. Mayai yenu hayatotoleki, na si kila mara lawama ni ya inkubeta. Mwangalieni huyo jogoo mzee.

Najua jogoo kwetu si kitoweo tu. Mzee akienda kuanzisha boma jipya anabeba jogoo, kijana wake wa kwanza anabeba shoka. Kuna majogoo wanaheshimika kuliko sisi vijana! Lakini heshima haiingizi mbegu kwenye yai.

Shangazi yangu wa Ndhiwa alipeleka mayai 30 kwa jamaa wa kutotolesha, vikatoka vifaranga 9. Akaambiwa stima ilipotea. Sawa, stima hupotea. Ila awamu iliyofuata tuliyamulika mayai siku ya saba kwa tochi ya simu, na mengi yalikuwa meupe, bila hata mshipa mmoja wa damu. Yai la hivyo kwa kawaida halikuwa na mbegu tangu mwanzo. Jogoo wake ana miaka minne, anachechemea, na amepewa majike 20.

Jogoo wa kienyeji yuko moto mwaka wake wa kwanza. Akizidi kuzeeka mbegu zinapungua, zile zilizobaki zinaogelea kwa uchovu, na yeye mwenyewe anapanda mara chache. Ongeza joto la ufuoni kama Mbita, mambo yanaharibika zaidi. Hata jogoo kijana mpe majike 10 hivi, si kijiji kizima. Na huyu mzee wa miaka minne sasa anapanda mabinti na wajukuu zake. Hapo hata vifaranga vikitoka, vinatoka dhaifu.

Kila nikiweka video ya kuku, lazima mtu aulize: mbona tusiletewe mbegu zilizogandishwa, kama ng'ombe? Swali zuri. Tumezoea kumwona daktari wa mifugo kwa pikipiki na mtungi wake wa nitrojeni, mbegu za fahali kutoka Kabete zikiwa ndani kwa nyuzi 196 chini ya sifuri.

Kinachochekesha ni kwamba jogoo ndiye alitangulia. Mwaka 1949 kule Uingereza, Christopher Polge na wenzake waligundua kwamba gliseroli inalinda mbegu zisife zikigandishwa, na walikuwa wakifanyia kazi mbegu za jogoo. Fahali akafaidika, jogoo akaachwa nyuma. Mbegu yake ni nyembamba, ina mkia mrefu, na ngozi yake hupasuka upesi kwa baridi. Halafu ile gliseroli yenyewe, ikibaki humo, inazuia jike kushika mbegu, kwa hivyo lazima itolewe kwanza. Nyingi zinakufa njiani. Ukianza na mbegu za jogoo mzee, ambazo tayari ni hafifu, unagandisha hasara.

Sisemi kugandisha ni upuzi. Kuku wetu wa asili wanamezwa na machotara, na siku moja tutamtafuta yule wa shingo tupu tumkose. Pale ILRI Nairobi, wakishirikiana na Roslin ya Scotland, watafiti wanashughulikia kugandisha chembe changa za kiinitete, kwa sababu mbegu za jogoo peke yake hazibebi urithi wote wa kuku. Hiyo ni akiba ya taifa. Haitamtotoleshea shangazi vifaranga vya Desemba.

Yeye tumepatana hivi: mzee abaki bomani na heshima zake, atengwe na majike, na aletwe jogoo wa miezi minane kutoka Awendo, ukoo tofauti kabisa, aliyechanjwa kideri. Ila mkifanya hivyo msikimbilie inkubeta kesho yake. Jike huhifadhi mbegu tumboni wiki mbili, hata tatu. Mayai ya siku hizo bado yanaweza kuwa ya yule mzee, kwa hivyo yakaangeni.