Kasi Iliyobaki Ndani ya Prosesa

Nilianza ufundi wa kompyuta Kariakoo mwishoni mwa miaka ya 1990, katika chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya umeme, Mtaa wa Aggrey. Kazi yangu ilikuwa kufungua mashine zilizokuja na meli, kuzipuliza vumbi, kubadili pawasaplai zilizoungua na kuweka Windows upya. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa fundi wa redio na televisheni kabla kompyuta hazijatufikia, na alinizoeza jambo moja: kabla hujagusa kitu, pima. Vijana waliokuja kwangu miaka ya baadaye kutaka niwaovaklokie mashine, yaani niipandishe kasi ya prosesa au kadi ya picha kuliko ilivyopangwa kiwandani, hawakuwa na hamu ya kupima. Walitaka namba kubwa, na waliitaka siku hiyohiyo.

Siwalaumu kwa kuitaka. Nimeishi enzi ambazo namba hiyo ilipatikana kweli. Mwaka 1998 Intel walitoa Celeron 300A, prosesa ya bei ya chini ya megahezi 300. Hesabu yake ilikuwa wazi: mazabodi ilitoa mapigo ya megahezi 66, na prosesa ikayazidisha kwa 4.5. Kizidishi kilifungwa kiwandani, lakini mapigo ya mazabodi hayakufungwa. Ukiwa na mazabodi nzuri ukayapeleka mapigo hadi 100, prosesa ileile iliamka kwa megahezi 450. Hiyo ni nyongeza ya nusu nzima. Na kwa kuwa kashe yake ya kilobaiti 128 ilikuwa ndani ya chipu yenyewe na ilikwenda kwa kasi kamili, katika kazi nyingi ilikaa bega kwa bega na Pentium II ya 450 iliyouzwa ghali mno. Niliona kwa macho yangu mashine ya mwanafunzi ikifanya kazi ya mashine ya ofisi kubwa, na furaha ile sijaisahau.

Iliwezekana kwa sababu moja tu. Kiwanda kilikuwa kikitengeneza chipu bora kuliko zilivyohitajika katika soko la bei ya chini, kikaziandikia namba ndogo ili soko hilo lipate bidhaa yake. Kasi iliyofichwa ilikuwepo tangu mwanzo. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Core 2 Quad Q6600 ya mwaka 2007: mapigo 266 mara 9 yalitoa gigahezi 2.4, na ukiyapeleka 333 ulipata gigahezi 3 bila jasho. Core i5-2500K ya mwaka 2011 iliuzwa ikiwa gigahezi 3.3, na kwa hitisinki ya kawaida yenye feni nzuri wengi waliifikisha 4.4 au 4.5.

Lakini 2011 ndio mwaka ambao mlango ulianza kufungwa. Kuanzia kizazi kile cha Intel, karibu kila kitu ndani ya mashine kilifungamanishwa na pigo moja la megahezi 100, na ukilisogeza kidogo tu mashine inagoma. Kizidishi kikaachwa huru kabisa hasa kwa prosesa zenye herufi K, na kwa mazabodi za aina maalumu. Halafu viwanda vikajifunza kuichota vyenyewe ile kasi tuliyokuwa tukiitafuta. Prosesa ya leo inajipima joto, umeme na mzigo mara nyingi kila sekunde, na inajipandisha yenyewe hadi ukingoni. Core i9-14900K ilitoka kiwandani ikiwa na uwezo wa kujifikisha gigahezi 6. Anayetaka kuiongezea hapo anagombania asilimia moja au mbili, tena kwa joto na umeme mwingi mno.

Hilo ndilo jambo ambalo nimelieleza kuliko jingine lolote katika miaka yangu ya ufundi: kiwanda kimeshaichukua kasi iliyokuwa imebaki, na kimeshakuuzia. Anayeanza leo asitarajie Celeron nyingine.

Kuna jambo la pili, na hili linahusu soko letu zaidi. Mashine nyingi tunazouza ni zilizotumika, zile OptiPlex na EliteDesk zilizotoka kwenye ofisi za Ulaya na kupitia Dubai. Ndani yake mna i5-2400 au i5-4570, prosesa nzuri kabisa kwa bei yake, lakini hazina herufi K, na BIOS ya mashine hizo haina hata mahali pa kubadilisha kizidishi. Kijana anaingia dukani: “Shikamoo fundi, nataka uipandishe hii ifike gigahezi nne na nusu.” Namwambia marahaba mdogo wangu, keti. Ninamfungulia BIOS ajionee mwenyewe. Uso wake unapokunjamana huwa nachukua brashi, nafungua hitisinki, nafuta pesti iliyokauka tangu mashine iko Ulaya, naweka mpya, nazibua vumbi kwenye feni. Mara nyingi prosesa iliyokuwa ikijipunguza kasi kwa joto inarudi kwenye kasi yake halali, na kijana anaondoka na mashine nyepesi kuliko aliyokuja nayo.

Joto. Hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu ndipo matarajio ya watu wetu yanapovunjika. Vipimo ambavyo vijana wanavitazama hufanywa sana Ulaya na Marekani, katika vyumba vya nyuzi 20 au 22. Feni haiwezi kukipoza kitu kikawa baridi kuliko hewa inayoivuta. Inachoweza ni kupunguza tofauti kati ya chipu na hewa hiyo. Chukua prosesa ambayo ikiwa kazini inakaa nyuzi 55 juu ya hewa ya chumba. Kule itasoma 77. Dar es Salaam mwezi wa Februari, chumba kikiwa nyuzi 32, itasoma 87 kabla hujaongeza hata megahezi moja. Prosesa nyingi za Intel za mezani hujipunguza zikifika nyuzi 100, na AMD wamezipanga Ryzen 7000 zifanye kazi hadi 95. Nafasi ya kucheza tunayoanza nayo sisi wa pwani ni ndogo tangu asubuhi. Mpangilio uliokubali vizuri kwa mteja wa Njombe mwezi wa Julai unaweza kuganda Mbagala wiki hiyohiyo, vifaa vikiwa vilevile.

Na joto haliongezeki kwa kadiri unavyoongeza kasi. Umeme unaoliwa na chipu unafuata kasi mara volti mara volti tena. Ukipandisha kasi kwa asilimia 10, na ili isimame imara ukalazimika kutoka volti 1.20 hadi 1.32, hesabu ni 1.1 mara 1.21, yaani matumizi yamepanda kwa karibu theluthi. Theluthi hiyo yote inageuka joto ndani ya boksi, na yote inakatwa kwenye LUKU. Hesabu hii naiandika kwenye karatasi mbele ya kila mteja anayeanza, kwa sababu nikisema kwa mdomo tu haiingii.

Volti yenyewe ina madhara yasiyoonekana siku ya kwanza. Mwaka 2024 Intel wenyewe walithibitisha kuwa volti iliyozidi ilikuwa ikizichakaza baadhi ya prosesa zao za mezani za kizazi cha 13 na cha 14, wakatoa marekebisho ya programu na kuongeza muda wa dhamana. Kama volti ya ziada inaweza kuichosha chipu hata katika mipangilio iliyokubalika, kijana anayeandika 1.45 kwa sababu ameiona kwenye video ya mtu mwingine ana sababu ya kuogopa. Zaidi ya hapo, chipu mbili zenye jina moja hazilingani. Moja inafika gigahezi 5 kwa volti ya chini, dada yake aliyetoka boksi la jirani anafia 4.8.

Kwenye kadi za picha hali ni ileile, ila kuna unafuu kidogo. Tangu GTX 680 ya mwaka 2012, kadi za Nvidia zinajipandisha zenyewe. GTX 1060 ya gigabaiti 6, ambayo nimeifunga kwenye mashine nyingi kuliko kadi nyingine yoyote, iliandikwa megahezi 1708 kwenye karatasi, lakini ikiwa imepoa unaikuta ikitembea karibu na 1850 au 1900 bila kuguswa. Kwa programu ya MSI Afterburner, ambayo ni ya bure, unaweza kuisukuma ikafika 2000 na kitu. Kwenye gemu iliyokuwa ikitoa fremu 60 kwa sekunde utaona 63, pengine 65. Macho ya mchezaji hayatagundua bila kipimo. Na kadi hizo hushuka kwa hatua ya megahezi 13 hivi kadiri joto linavyopanda, kwa hiyo kadi iliyojaa vumbi kwenye chumba kisicho na dirisha inapoteza kimyakimya karibu chote ulichoiongezea.

Kumbukumbu ya kadi ina mtego wake. Kadi nyingi za sasa zina uwezo wa kugundua kosa kwenye kumbukumbu na kurudia kutuma data. Anayeanza anapandisha namba, haoni kuganda, haoni madoa kwenye skrini, anafurahi. Kumbe kadi inarudia kazi ileile, na fremu zimepungua. Ndiyo maana nawaambia vijana wasitazame namba ya megahezi. Watazame fremu, kabla na baada. Kwa kadi zilizotumika ninaongeza tahadhari nyingine. Baada ya sarafu ya kidijitali ya Ethereum kuacha uchimbaji Septemba 2022, kadi za RX 570 na 580 zilimwagika sokoni, na baadhi zilikuja na BIOS iliyobadilishwa kwa ajili ya kuchimba. Kadi kama hiyo irudishwe kwanza kwenye BIOS yake ya asili, ndipo mtu azungumzie kuipandisha.

Wateja wangu wengi hawakuwa wachezaji wa gemu. Walikuwa wahariri wa video za harusi, maprodyuza wa muziki, wachoraji wa ramani za nyumba. Mhariri mmoja wa Sinza alitaka mashine yake ipandishwe kwa sababu kutoa video ya harusi kulimchukua saa nzima. Nilikaa naye chini: ukipata asilimia 5, saa moja inakuwa dakika 57. Mashine ikiganda dakika ya 50, unaanza upya, na bwana harusi yuko mlangoni. Baya kuliko kuganda ni kosa lisilojionyesha, pale RAM iliyosukumwa kupita uwezo inapoharibu faili na wewe unaligundua mwezi ujao unapoifungua. Tulichofanya ni kuangalia RAM yake. Ilikuwa DDR4 ya 3200, lakini mazabodi ilikuwa ikiiendesha 2133 kwa sababu hakuna aliyewahi kuwasha XMP, mpangilio ambao mtengenezaji wa RAM ameuandika ndani yake. Tuliuwasha, tukajaribu kwa MemTest86 usiku kucha, asubuhi hapakuwa na kosa. Hiyo ni kasi ambayo alikwisha kuilipia.

Umeme wetu nao una neno. Volti ya ukutani ikishuka jioni, pawasaplai ya bei ya kutupa iliyoandikwa wati 500 haitoi hizo 500, na mashine iliyopandishwa ndiyo ya kwanza kuzima. Watu wanailaumu prosesa. Mimi huanza na stabilaiza na pawasaplai ya kuaminika, na betri ndogo ya CR2032 kwenye mazabodi, kwa sababu ikifa, mipangilio yote ya BIOS inapotea umeme ukikatika.

Katika miaka ya karibuni kazi ninayoipenda zaidi ni kinyume cha ile waliyokuja kuiomba: kupunguza volti. Kadi nyingi na prosesa nyingi zinapewa volti ya akiba ili hata chipu dhaifu isimame. Ukiipunguza taratibu, kwa vipimo, joto linashuka, feni zinatulia, na mara nyingi kasi halisi inapanda kwa sababu chipu haijipunguzi tena. Kwa mji wenye joto na umeme wa kununua kwa yuniti, sijaona marekebisho mengine ya bure yenye faida kama haya. Wale wanaomimina naitrojeni ya kimiminika yenye nyuzi 196 chini ya sifuri na kuvuka gigahezi 9 nawaheshimu kwa dhati, ni mafundi hodari, lakini mashine zao husimama kwenye kasi hiyo kwa muda mfupi mno. Hakuna harusi iliyohaririwa kwa mashine hizo.

Wewe unayeanza, fanya hivi. Safisha mashine, badilisha pesti, washa XMP, kisha pima na uandike kwenye daftari: joto, fremu, alama ya Cinebench. Weka nakala ya kazi zako nje ya mashine hiyo. Panda kwa hatua ndogo, kitu kimoja kwa wakati mmoja, na baada ya kila hatua jaribu kwa OCCT au Prime95 mchana wa jua kali, siyo usiku wa manane. Ukipata asilimia 3 hadi 7 na mashine ikafanya kazi yako ya kila siku bila kosa, umefika. Kwa vifaa vya sasa mafanikio ndiyo hayo, usione haya kuyaita mafanikio. Na fundi akikuahidi asilimia 30 kwa malipo, mwambie akuonyeshe vipimo vya kabla na vya baada, kwenye mashine yako, kabla hujatoa pesa.