Neno la Mama Katika Stesheni ya Baoshan Road

Katika jiji la Shanghai, nchini China, iko stesheni ya treni za mjini iitwayo Baoshan Road, iliyojengwa juu ya nguzo. Hapo hukutana Njia ya 3, iliyofunguliwa mwaka 2000, na Njia ya 4, iliyofuata mwaka 2005. Njia hizi hutumia reli zile zile kwa stesheni tisa mfululizo, tangu Hongqiao Road hadi hapo Baoshan Road, kisha huachana. Ya 3 huelekea kaskazini. Ya 4 hushuka chini ya ardhi na kuuzunguka mji hadi irejee ilikotoka.

Kwa hivyo abiria husimama penye jukwaa moja wakingoja treni za safari mbili. Katika ramani na mabango, Njia ya 3 ina rangi ya manjano na ya 4 zambarau. Asiyeangalia hupotea.

Nasi tulikwenda huko kumzuru ndugu yetu mdogo aliye masomoni, tukifuatana na mama yetu aliyekwisha kupita miaka sabini. Makao ya ndugu yetu yalikuwa karibu na Hailun Road, stesheni inayofuata kwa Njia ya 4. Sisi tulikuwa ndani ya treni ya Njia ya 3, ikatubidi tubadilishe Baoshan Road. Tukashuka na mizigo, kila mmoja akidhani mwenziwe amemshika mama mkono. Milango ikafungwa. Tukamwona mama kiooni, ameketi, mkoba mapajani, anatutazama. Treni ikaondoka.

Mama hakuwa na simu, wala hajui Kichina wala Kiingereza. Alichokuwa nacho ni neno alilotuwekea mwenyewe asubuhi ile: atakayepotea ashuke stesheni inayofuata, akae hapo, asiondoke. Ndilo neno alilotuambia tangu udogoni, kila alipotupeleka Marikiti kule Mombasa. Asubuhi tulilicheka. Sasa hatukuwa na jingine la kushika.

Treni ya kwanza kufika ilikuwa ya Njia ya 4, ile tuliyoihitaji tangu mwanzo. Tukaiacha ipite. Iliyofuata ilikuwa ya Njia ya 3. Tukapanda bila kusemezana, tukashuka Dongbaoxing Road. Mama alikuwa ameketi kwenye benchi, mkoba mapajani.

"Mbona mmekawia?" akatuuliza.

Tukambusu mkono, tukarudi naye Baoshan Road, safari hii tukiyasoma mabango.

Ndugu wasomaji, mnaposafiri na wazee au watoto, wekeaneni neno kabla hamjatoka mlangoni, na msiwacheke wanaolikariri. Tena ajulikane mmoja, kwa jina lake, kuwa ndiye aliyeushika mkono wa mama. Sisi tulikuwa watu wazima watatu, na mkono ule haukuwa na mwenyewe.