Siku ya Kliniki Tufuatane Nao



Wiki iliyopita tulirejea Mombasa kutoka Kitale, tulikokwenda kumjulia hali binti yetu. Ana mimba ya miezi saba. Alitutolea kijitabu chake cha afya ya mama na mtoto, nacho kimekwisha kuandikwa miadi minne. Tulikishika mkononi kitambo bila ya kusema neno.

Sababu yake ni hii. Zamani tulikuwa tukisomesha chuo cha Kurani huko Bungoma, na mama wa watoto wetu alikuwa na mimba ya kwanza. Kliniki hakwenda, na aliyemzuia ni sisi. Tulisema mama zetu walizaa nyumbani, na kwamba haya haimruhusu kuguswa na daktari mwanamume. Yeye mwenyewe hatukumwuliza hata siku moja. Miguu ilipomvimba tulisema ni uchovu. Kichwa kilipomwuma tulimsomea. Tulipomfikisha hospitali, presha ilikuwa imepanda mno. Mwenyezi Mungu alimnusuru mama, lakini mtoto alizaliwa hana uhai, tukamzika huko huko Bungoma. Kumsomea hakukuwa kosa. Kosa letu ni kumsomea kisha tukakaa.

Presha hiyo aghalabu huanza bila ya maumivu. Hugunduliwa kwa kupima mkono na mkojo, kazi ya dakika chache. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lashauri mja mzito aonane na wahudumu mara 8, mara ya kwanza kabla ya kupita wiki 12. Hupimwa damu, hupewa vidonge vya kuongeza damu na sindano ya pepopunda. Penye malaria nyingi, kama Bungoma na kwetu pwani, hupewa pia dawa ya kuikinga, na chandarua.

Wako dada zetu wanaochelea kudhalilishwa hospitali, na hofu yao haikuzuka bure. Mwaka 2013 mama mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya serikali mjini Bungoma, akatukanwa na kupigwa. Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua kuwa haki na heshima yake zilivunjwa, ikaamuru alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5. Basi ajue kila mama kuwa kustahiwa ni haki yake. Akitaka ahudumiwe na muuguzi mwanamke, aombe bila ya kuona aibu. Na asipopatikana, sharia yetu ina mlango wa dharura.

Nanyi waume, msiwaache wake zenu waende peke yao. Mkwe wetu wa Kitale hufunga duka kila siku ya kliniki, wakafuatana. Hilo hakufunzwa nasi. Sisi ndio tuliojifunza kwake, ijapokuwa tumechelewa.

Mwenyezi Mungu awajaalie waja wazito wote wajifungue salama. Amin.