ACHA JANI UDONGONI



Mliofika kwetu Kitale mmeuona ule mmea wa sebuleni wenye majani mazito yanayong'aa. Wauza maua huuita ZZ. Wengi hudhani ni wa Ulaya, lakini asili yake ni huku kwetu, kuanzia Kenya kushuka hadi Afrika Kusini. Waholanzi ndio walioanza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1990, ukaturudia na bei ya mgeni. (Hayo ni mahubiri ya siku nyingine.)

Kuuzidisha hakuhitaji pesa. Chukua jani moja, acha kidonda kikauke siku moja, lichomeke kwenye udongo wenye mchanga, tia maji kidogo. Kisha ngoja. Huko chini jani hutengeneza kiazi kidogo na mizizi, na juu huoni kitu. Chipukizi laweza kuchukua miezi sita, hata mwaka. Sisi wa Kitale na baridi ya Julai tuongeze subira; ndugu wa Bungoma, kwenu kuna joto, mtatutangulia.

Dada mmoja wa Bungoma nilimpa majani matatu. Mawili yameoza. Akaniambia, "Pasta, kila Jumamosi nilikuwa nayang'oa nione kama yameshika, halafu nayarudisha na maji mengi." La tatu lilipona kwa sababu mkebe wake ulisukumwa nyuma ya kochi akausahau.

Nimemkumbuka kwa sababu ya kijana mmoja wetu aliyeacha chang'aa miezi minne iliyopita. Yeye na mama yake wamenikubalia niandike. Kila ibada ikiisha anazungukwa: bado umesimama? Hujarudi? Wengine wanamsogelea wamnuse! Ushuhuda ametakiwa kutoa mara tano. Juzi mama yake alinipigia akilia. Kijana amesema afadhali kule kwenye chang'aa, hakuna anayemkagua.

Someni Marko 4:26-29. Yule mkulima anapanda, analala, anaamka, mbegu inamea na hajui inavyomea. Sijaona mahali alipofukua.

Najua kuna atakayesema, "Lakini mtu mpya lazima afuatiliwe." Kweli kabisa. Hata jani hupewa maji, kidogo, udongo ukishakauka. Mwalike chai. Mwite mpange viti pamoja. Ongeeni mambo ya mpira. Kama ana neno zito atalitoa mwenyewe, labda mkiwa mnaosha vikombe.

Nimemwahidi kwamba Jumapili hataitwa mbele. Wazee wa kanisa wameshaelezwa. Akija, asalimiwe kama kila mtu na aketi anapotaka. Akikaa karibu na mlango, mwacheni hapo.

Majani ya ZZ ninayo mengi. Anayetaka aniandikie, nitabeba nikija Bungoma Jumamosi. Utomvu wake huwasha, basi nawa mikono, na mkebe uweke mbali na watoto wadogo.

Mbarikiwe.